Huduma ya kutambua na kuthamini zana kongwe Mji Mkongwe: jina la uhakika, bei ya kutiliwa shaka

Mwenye zana kongwe asiyoijua huhitaji mambo mawili ambayo mara nyingi hudhaniwa kuwa ni jambo moja: kwanza aelezwe ile zana ni nini, ilifanya kazi gani na ilitengenezwa wapi, kisha aambiwe ina thamani gani leo. Duka ninaloliandikia hapa, lililoko katika kichochoro baina ya mtaa wa Gizenga na Hurumzi, hutoa huduma zote mbili kwa malipo ya shilingi 15,000 kwa kila kifaa. Maoni yangu baada ya kulitumia ni kwamba huduma ya kwanza ni nzuri kuliko nilivyotarajia kuipata popote Unguja au Pemba, ilhali ya pili inafaa isikilizwe kwa tahadhari. Duka lenyewe halina kibao. Watu wa mtaa hulijua kwa saa za ukutani zilizotundikwa karibu na mlango na kwa masanduku ya misumari ya shaba yaliyopangwa barazani. Biashara yake kubwa ni kuuza vitu vya aina hiyo, na kazi ya kutambua zana hufanyika pembeni, juu ya meza ndogo iliyo nyuma ya kabati la makufuli.

Kifaa nilichokipeleka kilitoka Wete, katika sanduku la zana la marehemu babu yangu, aliyekuwa seremala wa milango, madirisha na makabati. Ni kitu cha chuma cha kusubu kilichopakwa nikeli, chenye mkono wa mbao nyeusi inayoelekea wekundu, na kina fimbo mbili za chuma zinazotokeza ubavuni na kubeba kipande cha pili ambacho huteleza karibu au mbali na kile cha kwanza. Katika familia walikuwamo waliosema kuwa ni sehemu ya cherehani, na mmoja alishikilia kuwa ni chombo cha wapima ardhi. Mnunuzi wa vyuma chakavu alitaka kukichukua kwa kilo, na mchuuzi wa vitu vya watalii alikitolea bei palepale bila ya kusema kama anakijua au hakijui, jambo ambalo kwa mwenye mali ni dalili ya kutosha kwamba asiuze kabla ya kuuliza.

Mwenye duka, ambaye wateja wake humwita ami kwa heshima ya umri wake, hakuanza kwa kutafuta jina wala chapa. Alikiweka kifaa juu ya kitambaa na kunikataza kukisugua. “Kutu tutaitazama baadaye, mwanangu; ukiisugua leo itaondoka pamoja na herufi.” Kisha akaanza kulisoma umbo lake kwa sauti ili nami niifuate hoja. Jambo la kwanza alilolionesha ni kitu kisichokuwepo. Randa ya kawaida ina tumbo pana lililo bapa ambalo hulala juu ya ubao, na kisu hutokeza katika mwanya ulio kati ya tumbo hilo. Hiki hakina tumbo kabisa, bali kina kingo mbili nyembamba za chuma zilizo sambamba, moja katika kila kipande. Maana yake, alieleza, ni kwamba kisu hushikwa na kingo hizo mbili tu, na kwa kuwa kipande cha pili huteleza juu ya fimbo, nafasi iliyo baina ya kingo huweza kulinganishwa na kisu chochote kitakachotiwa, kiwe chembamba cha kuchimba mfereji wa kupachikia paneli au kipana cha kukata ngazi inayokaliwa na kioo cha dirisha. Kipande cha tatu, chenye uso wa mbao, huegemea ubavu wa ubao ili mfereji usiende upogo. Vijisu viwili vidogo vilivyokaa mbele ya kisu kikubwa hutangulia kukata nyuzi za mbao pale randa inapovuka nyuzi hizo, kwani bila ya hivyo kingo za mfereji zingechanika. Na kibati kinachoshushwa kwa skrubu huizuia randa isiendelee kukata inapofika kina kilichokusudiwa. Kufikia hapo tulikuwa tumeshajua kuwa kifaa ni randa ya kuchimba mifereji na kukata ngazi za mbao, bila ya kusoma herufi hata moja, na huo ndio ustadi ambao mteja huulipia.

Hakuishia kwenye maneno. Alimwita fundi wa jirani, akampa kisu chembamba kati ya vile vilivyosalia, na baada ya kunolewa kidogo kikatiwa mahali pake na kujaribiwa juu ya kipande cha mfenesi. Fundi alianzia mwisho wa ubao ulio mbali naye na kurudi nyuma hatua kwa hatua, kila mkato ukiwa mrefu kidogo kuliko uliotangulia, ambayo ndiyo njia sahihi ya kuanzisha mfereji kwa randa ya aina hii. Anayeanzia karibu na kusukuma moja kwa moja huiona ikiyumba na kufuata nyuzi za mbao. Mfereji ulitoka umenyooka. Jaribio kama hilo lina faida mbili: linathibitisha utambuzi, na linaonesha kama fimbo zimepinda au la, kasoro ambayo haionekani kwa macho na ambayo humaliza thamani ya zana kuliko kutu yoyote ya juu juu.

Ndipo alipochukua lenzi na kitambaa chenye mafuta ya taa. Chini ya uchafu lilijitokeza jina la Stanley pamoja na namba 45. Kampuni ya Stanley Rule and Level ya New Britain, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, ilianza kuiuza randa ya namba hiyo katika miaka ya 1880, na uzalishaji wake ulikoma mwaka 1962. Muda wa karibu miaka 80 ni mpana mno kumfaa mtu anayetaka kujua umri wa zana yake, na hapa ndipo wachuuzi wengi hukimbilia tarehe inayowapendeza. Juu ya visu viwili kulikuwa na alama ya moyo yenye herufi SW ndani yake, alama ambayo ilitumika baada ya kampuni hiyo kuungana na Stanley Works mwaka 1920 na ikaachwa katikati ya miaka ya 1930. Mwenye haraka angeandika kuwa randa ni ya miaka ya 1920 akamaliza kazi. Ami huyu aliandika kwamba chapa ya kisu hutoa tarehe ya kisu tu, kwa kuwa visu vya randa hizi huhamishwa kutoka moja hadi nyingine bila ya shida, na kwamba kiwiliwili chenyewe, kwa kuwa kimepakwa nikeli na si rangi nyeusi iliyokuwa katika matoleo ya mwanzo, kinaweza tu kusemwa kuwa si cha miaka ile ya mwanzo kabisa. Mimi binafsi ningependa tarehe iliyo finyu zaidi, lakini naheshimu zaidi mtu anayekataa kunipa asichoweza kukithibitisha.

Alikuwa mwangalifu pia kuhakikisha kuwa si Record 405, randa ya Kiingereza iliyotengenezwa Sheffield ambayo inafanana na hii kiasi cha kumchanganya hata seremala mzoefu. Swali hilo lina uzito wake Zanzibar. Kwa kuwa visiwa hivi vilikuwa chini ya himaya ya Uingereza kuanzia mwaka 1890 hadi 1963, zana za kigeni zinazopatikana katika masanduku ya mafundi wetu kwa kawaida hutarajiwa kuwa na chapa za Sheffield au Birmingham, na randa ya Kimarekani Wete huanza kumfanya mtu atunge hadithi. Hadithi ingekuwa rahisi: mkataba wa biashara baina ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani alifika Unguja mwaka 1837. Nilimtajia hayo kwa makusudi. Alijibu kuwa randa hii ilikuwa bidhaa ya kawaida iliyouzwa kwa katalogi na maduka ya vifaa duniani kote, kwamba baina yake na Sayyid Said hakuna uhusiano wowote, na kwamba mwenye kuandika historia asiyoweza kuionesha huishusha thamani zana badala ya kuipandisha. Jibu hilo pekee lilistahili nusu ya ada.

Kwa wale wanaojiuliza kama uangalifu huo ni wa lazima, inatosha kutazama dira na darubini za shaba zinazouzwa kwa watalii katika mitaa ile ile. Nyingi kati ya hizo ni bidhaa mpya zilizopakwa dawa ili zionekane kuukuu, na baadhi yake zimeandikwa Kelvin & Hughes, London, 1917, ingawa kampuni yenye majina hayo mawili kwa pamoja iliundwa mwaka 1947. Ami anayo moja ya aina hiyo mezani pake na huwaonesha wateja kama somo. Sumaku ndogo humsaidia kutenganisha shaba na chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na skrubu humsaidia zaidi kuliko maandishi, kwa sababu anayeghushi huangalia uso wa kitu na kusahau kilichomo ndani ya tundu. Nilimwona vilevile akikataa kuthamini rula ya kukunja iliyotengenezwa kwa pembe ya ndovu, akimweleza mteja kuwa biashara ya pembe baina ya nchi na nchi ilipigwa marufuku na CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa uamuzi wa mwaka 1989 na kwamba hataki kuiandikia bei hata kwa mazungumzo.

Matokeo ya utambuzi hutolewa kwa maandishi ya mkono katika karatasi mbili, yenye vipimo, orodha ya sehemu zilizopo na zisizopo, mchoro wa chapa na sahihi yake. Katika orodha yangu zilitajwa fimbo fupi zilizopotea (randa hizi huja na jozi mbili za fimbo, ndefu na fupi), kisu cha kupasulia mbao nyembamba ambacho kwa bahati kipo, na visu saba tu vya kawaida vilivyosalia, ilhali seti kamili ilikuja na zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo ndani ya kisanduku chake. Karatasi hiyo ni safi na inasomeka, na mtu anaweza kuitumia popote.

Katika upande wa bei ndipo mambo yanapolegea. Aliandika thamani ya shilingi 450,000. Nilipomuuliza ameipataje, alinionesha katika simu bei ambazo wauzaji wa nje wanazitaka kwa randa za namba hiyo. Hilo ni kosa la msingi katika kazi ya kuthamini, kwa sababu bei inayotakwa ni matumaini ya muuzaji, na ushahidi ni bei ambayo mnunuzi aliilipa. Zaidi ya hayo, randa alizonionesha zilikuwa kamili, zikiwa na kisanduku na visu vyote, jambo ambalo karatasi yake mwenyewe inakiri kuwa halipo kwangu. Katika minada ya mtandaoni iliyokwisha kufungwa, randa zenye upungufu kama wangu nilizikuta zikiuzwa kwa dola 60 hadi 100, yaani takriban shilingi 150,000 hadi 250,000, na zilizo kamili ndizo zinazokaribia au kupita ile thamani aliyoiandika. Kilichonishangaza ni kwamba dakika chache baadaye alijitolea kuinunua mwenyewe kwa shilingi 200,000. Sidhani kuwa alikusudia hila. Nadhani anajua bei halisi vizuri sana anapovaa kofia ya mfanyabiashara, na huandika bei ya kumfurahisha mteja anapovaa kofia ya mthamini. Hata hivyo, mthamini ambaye ni mnunuzi wa kitu kile kile ana maslahi mawili yanayovutana, na ingekuwa adabu njema ya biashara kama angelisema hilo mwanzoni kabla ya kupokea ada.

Karatasi yake pia haikutaja gharama ya kukifikisha kifaa kwenye soko hilo la nje analolitumia kama kipimo. Randa ni nzito na posta hutoza kwa uzito. Kuna jambo kubwa zaidi kuliko posta: mkono na uso wa kile kipande cha kuegemea ni rozwudi, mti wa jamii ya Dalbergia, ambayo ndiyo jamii ya mpingo wetu. Jamii yote hiyo iliwekwa chini ya udhibiti wa CITES mwaka 2017, na ile ya Brazil iko katika daraja kali zaidi tangu mwaka 1992. Kuna misamaha kwa baadhi ya bidhaa zilizokamilika na kwa vitu vya zamani, lakini mwenye kusafirisha ndiye anayepaswa kuonesha kuwa kitu chake kinastahili msamaha, na kabla ya hapo ni vyema kuuliza Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale kama kitu chenyewe kinaruhusiwa kutoka. Mtu aliyekumbuka sheria ya pembe ya ndovu bila ya kuulizwa alipaswa kuikumbuka na hii.

Alipunguza shilingi 50,000 kwa sababu babu alichonga jina lake kwa herufi za Kiarabu ubavuni mwa mkono wa mbao. Hapa sikubaliani naye hata kidogo. Mafundi wa Uingereza na Marekani walipiga majina yao juu ya randa zao kwa muhuri wa chuma, na wanunuzi wa zana kongwe wamezoea kuyaona na wengine huyafuatilia. Jina la seremala wa Wete, lililochongwa kwa ustadi na kusuguliwa na kiganja chake kwa miaka mingi, ndilo linaloitofautisha randa hii na maelfu ya nyingine zilizotoka kiwandani. Kama kuna mahali popote ambapo thamani ingeongezwa, ningesema ni hapo. Kwa seremala anayetaka kuitumia jina halimhusu, na soko hilo la maseremala wa hapa, ambalo ami hakulitaja kabisa, ndilo lililo karibu. Fundi mwenye mashine ya umeme ya kuchimba mifereji haihitaji randa hii, lakini anayefanya ukarabati wa madirisha na makabati ya zamani, kazi ambayo Mji Mkongwe haiishiwi nayo, hupata kwayo mkato unaolingana na ule wa asili, na huweza kuifanya palipokatika umeme. Fundi yule wa jirani, aliyeijaribu, alisema angetoa shilingi 180,000 kwa randa na visu vyake kama vilivyo. Kwa mujibu wa hesabu yangu hiyo ndiyo bei ya kweli zaidi iliyotajwa siku ile, kwa kuwa haina nauli wala kibali ndani yake.

Dosari ambayo naiona nzito kuliko zote haihusu randa. Katika sanduku lile lile nilichukua keekee ya babu, yaani chombo chake cha kutobolea mbao, pamoja na uta wake, na tezo mbili, moja ikiwa na mpini uliopindwa kwa makusudi ili kufika mahali ambapo mkono hauingii. Ami alizitazama kwa muda mfupi, akasema hazina chapa na hazina soko, na akazirudisha bila ya kuziandikia neno. Ni kweli kwamba hazina chapa, kwani mhunzi wa kwetu hakuwa na haja ya kujitangaza kwa mteja anayemjua. Kutokuwa na chapa, hata hivyo, hakumzuii mtambuzi aliyesoma umbo la randa kwa ustadi ule asisome umbo la keekee: jinsi uta unavyozungusha mpini kwa kwenda na kurudi, jinsi ncha ya chuma ilivyofuliwa ili ikate pande zote mbili za mzunguko, na jinsi kichwa kinachoshikwa kwa kiganja kilivyolika. Waunda majahazi wa Nungwi bado wanajua kutoboa mbao kwa keekee kabla ya kupigilia misumari, na kwa kutazama ncha imelika kiasi gani wangeweza kumwambia mtu kama ilitumika kwa kazi ya chombo au kwa kazi ya nyumba. Mtu anayeweza kutaja mji wa Connecticut ilikotoka randa, kisha akakosa la kuandika juu ya keekee, ameacha nusu ya sanduku bila ya kutambuliwa, na ada ya shilingi 15,000 kwa kila kifaa ilikuwa inamngoja aichukue.

Kwa anayetaka kwenda, asubuhi ni bora, kwa kuwa duka hufungwa wakati wa sala ya adhuhuri na halifunguliwi siku ya Ijumaa hadi alasiri. Malipo ni taslimu na risiti hutolewa ikiulizwa. Kifaa kipelekwe kama kilivyo, bila ya msasa wala brashi ya chuma, pamoja na kila skrubu na kipande kilichopatikana karibu nacho, hata kama kinaonekana si chake. Kile kisu cha kupasulia mbao tulikikuta katika kopo la misumari. Ni busara kuomba karatasi ya utambuzi peke yake na kuiacha bei wazi, jambo ambalo ami hulikubali bila ya kinyongo ingawa ada haipungui. Mwenye tezo, keekee, patasi za kufuliwa au bobari za wachongaji milango azipeleke kwa fundi mzee wa kazi husika, na akiweza aandike mwenyewe atakayoambiwa, kwa sababu hakuna atakayempa karatasi yenye sahihi. Fimbo fupi za randa yangu ami ameahidi kuzitafuta kwa wanaomletea mizigo kutoka nje, kwa shilingi 40,000 ikiwa zitapatikana, na kwa jozi ya fimbo ambazo fundi wa Darajani mwenye mashine ya kukereza anaweza kuzitengeneza, hiyo nayo ni bei ya kupatana.